Kadi ya Dabo

Sisi watu wa Bariadi hatuwezi kutunza siri, na hilo tunalisema kwa kujisifu. Neno likidondoka asubuhi stendi, mchana limeshakula chipsi sokoni, jioni liko Maswa linaulizia gesti. Mwanamume akinunua kitenge dukani, mkewe anaijua rangi yake kabla hakijafika nyumbani. Na kisipofika nyumbani, rangi anaijua vilevile, pamoja na mtaa kilikoishia. Hajazaliwa Bariadi mtu wa kuwa wa mwisho kusikia jambo linalomhusu mwenyewe. Naapa kwa pilau ambayo bado hamjaletewa.

Maharusi wenu wanapigwa picha kule nje, na wapiga picha wa hapa kwenu Nyalikungu nawajua, hawaachi mpaka jua lizame. Basi sogezeni viti niwapitishie muda. Huo mkoba msiuguse, nimeukuta hapo. Mwenyewe atakuwa ameenda kunawa.

Jumamosi moja, pamba ikiwa imeshauzwa na watu wamepata nafasi ya kuoana, Dorkasi alikuwa kwenye foleni ya kuingia ukumbini, kule kwetu Bariadi. Alivaa gauni la kijani, na kichwani alifunga kitambaa kwa sababu nywele zilikuwa hazijarudi vizuri tangu zinyolewe msibani. Mbele yake kulikuwa na mama aliyebeba jiko la gesi lililofungwa kwa karatasi ya zawadi. Nyuma yake hakukuwa na mtu.

Mlangoni walisimama mabaunsa wawili na kijana mwenye simu. Kijana huyo ndiye aliyetengeneza kadi za harusi hiyo. Ana kiduka cha kuchapa kadi, fulana na vyeti vya watoto wa chekechea. Jina lake tuliache. Ni kijana nadhifu, mwenye maneno mazuri, na hapendi kusifiwa. Kila kadi ilikuwa na ule mraba wa madoa meusi, msimbo wa QR. Wazee wetu wanauita alama, kama alama ya moto wanayochomwa ng'ombe, na siku ulipoletwa mara ya kwanza mzee mmoja aliuliza kwa heshima kama wageni watachomwa paja la kulia au la kushoto. Kijana anaelekeza simu kwenye alama, simu inalia tii, kioo kinakuwa kijani, jina linatokea na chini yake aina ya kadi. Singo, mtu mmoja. Dabo, watu wawili. Ukija na singo na mke, chagueni.

Kadi ya Dorkasi iliandikwa Bwana na Bibi Ngusa Mashimba. Dabo. Ngusa alikuwa amekufa wakati wa masika.

Hakuna aliyefanya makusudi. Kamati ya harusi ilichukua majina ya wageni kutoka kwenye simu zao, na katika simu za kwetu marehemu hafutwi. Nani ana moyo wa kufuta namba ya marehemu? Utaibonyeza vipi? Kwa hiyo wafu wetu wamo tu. Wako kwenye magrupu, wanatumiwa salamu za Pasaka kama wengine, na hakuna anayelalamika kwamba hawajibu. Jina la Ngusa lilipita pamoja na majina ya watu wengine, likachapwa, na kadi ikapelekwa kwa Dorkasi sokoni, kwenye meza yake ya dagaa wa Lamadi.

Dorkasi alifikiria kuja na mtu wa pili. Aliwapitisha majirani akilini, mmoja mmoja, akaona hakuna aliyekanyaga kwake tangu matanga yaanuliwe. Watu walipoanua matanga walianua na miguu yao. Akaja peke yake.

Kabla sijamwingiza ndani, mjue kilichokuwa kinamkosesha usingizi. Ngusa alikuwa fundi wa plau, yale majembe ya kukokotwa na ng'ombe, na yeye na Dorkasi hawakupata mtoto. Walichopata ni nyumba pale Somanda. Ngusa alifyatua tofali, Dorkasi akachota maji ya kufyatulia, na kwa sababu kisima kilikuwa mbali, nyumba ilipanda polepole kama mtoto mgonjwa. Siku ya kuanua matanga, kaka yake Ngusa, anaitwa Magese, alisimama mbele ya ukoo akasema nyumba ile ni ya ukoo, na mjane asiye na mtoto hurudi kwao. Kwao Dorkasi ni Lingeka, huko Meatu. Magese si mtu mbaya. Ndiye mwenye maturubai, viti na spika za harusi zote za Bariadi, na ndiye mwenye zile fremu za maduka karibu na soko, pamoja na ya kijana wa kadi.

"Ndugu yangu hakuacha neno," alisema Magese siku hiyo. "Akitokea hata mtu mmoja aliyemsikia Ngusa kwa masikio yake akisema nyumba ni ya huyu mama, mimi nainua mikono." Akainua mikono, ili watu waone itakavyokuwa. Hakutokea mtu. Dorkasi akapewa mpaka mvua za kwanza.

Sasa zamu yake ikafika mlangoni. Alitoa kadi. Simu ililia tii, halafu ikalia tii tena.

"Wawili," alisema kijana. "Karibuni. Mwadila, mayu. Mwadila, baba." Aliwasalimia Kisukuma, mama kwanza, halafu baba.

"Mwadila," aliitikia Ngusa, nyuma ya mkewe. Alikuwa na lile koti la kahawia alilozikwa nalo. Viatu vilikuwa na vumbi, akavipangusa nyuma ya miguu ya suruali, kimoja baada ya kingine, kama alivyozoea kabla ya kuingia kwa watu. "Supu imebaki?"

"Imebaki, baba. Wahi."

Dorkasi aligeuka kuona nani anasalimiwa. Aliona pikipiki imeegeshwa na mbuzi anaitafuna siti yake.

"Unaongea na nani, baba?" alimuuliza kijana.

"Na mzee."

"Mzee gani?"

"Mzee wako, mayu. Sogeeni kidogo, wenzenu wapite."

Ndivyo ilivyojulikana. Simu ilimwona, mabaunsa walimwona, ukumbi mzima ulimwona. Ni Dorkasi peke yake ambaye hakumwona wala kumsikia.

Walikalishwa meza moja na Sia, muuguzi wa wodi ya wazazi. Sia ni Mchaga wa Rombo aliyehamishiwa hospitali ya kwetu, na wakati huo Kisukuma chake kilikuwa neno moja tu, wabeja, yaani asante. Alilitumia kwa kila kitu. Alishukuru nalo, alisalimia nalo, na mara moja alijaribu kumfukuza nalo mbwa.

Watu wakaanza kumiminika kwenye meza ile.

"Ngusa! Umepotea mno."

"Nipo."

"Plau yangu uliniachia vipande vipande."

"Bolti zako ziko kwenye kopo la rangi, chini ya benchi. Ile ndefu usiilazimishe."

Mtu huyo alikwenda Jumatatu akazikuta humo kwenye kopo. Ile ndefu akailazimisha, ikakatika. Mwingine alitaka kujua kama huko mvua imenyesha. Ngusa alisema huko hawalimi. Mwingine alimtania kwamba amenenepa. Kwa Dorkasi walisema, "Samahani mayu, sogeza kiti kidogo," ili wapate njia ya kumfikia mumewe.

Alisogeza. Alisogeza mpaka kiti chake kikawa nusu mezani, nusu kwenye njia ya wahudumu, na kila sinia lililopita lilimgusa bega.

"Dada Sia," alisema mwishowe, "amekaa vipi?"

Sia alitazama. "Mkono mmoja ameuweka mapajani. Mwingine uko mezani, karibu na wako."

"Wangu upi?"

"Wa kushoto."

Dorkasi aliupeleka mkono wa kushoto juu ya kitambaa cha meza, taratibu, kama mtu anayepapasa kutafuta swichi.

"Hapo?"

"Umempita. Rudi kidogo. Kidogo tena. Hapo."

Akauacha hapo. Hakuhisi kitu ila kitambaa cha meza.

"Anacheka?"

"Hapana," alisema Sia. "Anakuangalia."

Chakula kilipokuja, Dorkasi alikuta firigisi kwenye sahani yake. Mnajua wenyewe firigisi ni ya nani nyumbani. Tangu Ngusa afe alikuwa hanunui kuku mzima, kwa sababu hakujua firigisi ataiweka wapi. Akaichukua kwa vidole, akaihamishia kwenye sahani iliyokuwa mbele ya kile kiti, akageuza uso upande wa pili, maana si adabu kumkodolea mtu macho anapokula. Aliporudisha uso, firigisi haikuwepo.

Hapo ndipo alipoamini. Alilia kidogo kwenye ncha ya kitambaa cha kichwani, akajifuta, akakigeukia kiti.

"Kama upo, sema," alikiambia. "Kaka yako yule pale karibu na spika. Mwambie ya nyumba. Mimi sitaki kingine."

Ngusa alifuta midomo, akasimama. Ilikuwa ule wakati ambapo MC amepunguza muziki ili aite watu wa zawadi. Ngusa aliongea Kisukuma. Hakupaza sauti, aliongea kama alivyokuwa akimwambia mteja ashike plau vizuri. Alisema nyumba ya Somanda ni ya Dorkasi. Alisema waliijenga wawili, yeye akifyatua, Dorkasi akichota maji, na mtu asimtoe humo kwa kutumia jina lake.

"Magese, umenisikia," alisema. Halafu akazungusha macho ukumbi mzima, meza kwa meza, bila haraka. "Na nyie mmenisikia."

Tulimsikia. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Salu, alisikia mpaka akaweka kijiko chini. Magese alitoa simu mfukoni, akaiweka sikioni ingawa haikuwa imeita, akatoka nje akisema haloo, haloo. Mzee Salu akamkonyeza MC. MC akaziangalia spika, akakumbuka ni za nani, akapandisha muziki. Ngusa alibaki amesimama kidogo, kama mtu aliyeagiza kitu dukani na muuzaji akaingia ndani asirudi. Halafu akakaa.

Kijana wa mlangoni wakati huo wote alikuwa mlangoni. Naomba hilo likumbukwe.

"Amesema?" Dorkasi aliuliza. "Dada Sia, amesema?"

"Amesema. Amesimama kabisa, ameongea. Ila ni Kisukuma." Sia akamgeukia jirani wa mkono wake wa kulia, mtu mmoja, simkumbuki ni nani, ukumbi ulikuwa umejaa. "Amesema nini huyu baba?"

"Anasifia pilau," alisema mtu huyo.

"Anasifia pilau," Sia alimwambia Dorkasi.

"Pilau?"

"Ndiyo. Kwa maneno mengi."

Dorkasi alilifikiria hilo. Maisha yake yote Ngusa alikula ugali, na wali aliuita chakula cha wagonjwa. "Basi huko watakuwa wanawapikia pilau," alisema.

Hakuishia hapo. Aliinuka akapita meza kwa meza. Meza moja walimwambia Ngusa alikuwa anasalimia. Nyingine walisema ameishukuru kamati. Mzee Salu alimwambia kwamba, mayu, spika hizi siku hizi zimezidi, mtu husikii hata unachofikiri. Sherehe ilipokwisha walionekana wote wawili wakitembea kando ya lami, mume na mke, mpaka kwenye njia panda. Pale Ngusa akakata kushoto. Dorkasi alinyoosha kwenda Somanda, na bado alikuwa anaongea.

Wiki ile, sokoni, kila aliyenunua dagaa alimpongeza. Mzee anaonekana vizuri. Lile koti linampendeza. Amekuwa mcheshi kuliko zamani. Neno lenyewe hakuna aliyelitaja. Halikufika Maswa wala Lamadi. Halikuvuka hata meza yake ya dagaa, na sijui niwaeleze vipi. Labda wiki ile maneno yalikuwa yamechoka kutembea.

Habari ya kadi, hiyo ilisambaa. Kila mwenye marehemu alitaka dabo. Mzee Maige alikuja na mkewe, aliyekuwa amefariki siku nyingi, na mama yule alimkataza soda mbele ya watu. Mzee hakumsikia, akanywa mbili. Ilionekana ndiyo kanuni: anayekuja na marehemu ndiye asiyemwona. Watu wakaizoea. Siku hizi kamati zinapika sahani za ziada, wahudumu wanajua kwamba mgeni mwenye koti kwenye joto la saa nane asisumbuliwe, na ubishi uliobaki ni mmoja tu, kwamba marehemu akiwa na wajane wawili, dabo ni ya nani.

Harusi iliyofuata, Dorkasi alifika mapema. Alibeba hotipoti. Alikuwa amekwenda kwa jirani mmoja Mwislamu kujifunza pilau, akaunguza ya kwanza, ya pili akaipatia, na ndiyo iliyokuwa humo, bado ya moto. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwa. Alitoa kadi, simu ikalia tii. Alisubiri tii ya pili.

"Mmoja," alisema kijana. "Karibu, mayu."

"Baba, kadi yangu ni dabo."

"Hii ni singo, mayu. Imeandikwa hapa. Dorkasi, singo."

"Ile ya kwanza ilikuwa dabo."

"Mfumo umebadilika."

Dorkasi alimtazama. "Mfumo ni nani?"

"Mfumo, mayu. Ndio unaopanga."

"Basi mwambie ninamwomba," alisema Dorkasi. "Mwambie mara hii tu. Sina tatizo na kukaa pembeni. Nina chakula chake hapa."

Mabaunsa walisema hotipoti haiingii. Wakaiweka juu ya tofali karibu na mlango. Yeye aliingia, akakaa, akaacha kiti kitupu mkono wake wa kushoto akalaza mkono juu yake. Mhudumu alikuja akasema samahani, kiti hiki kinahitajika, akakichukua. Watu walikuwa wengi siku hiyo. Karibu kila meza ilikuwa na mtu aliyeacha mkono wake juu ya kitambaa, mahali alipoelekezwa. Dorkasi hakukaa mpaka keki. Alitoka, akaiokota hotipoti yake, na kwa kuwa alikuwa amelelewa vizuri, akamuaga kijana.

"Hajaja," alisema.

"Pole, mayu."

"Labda pilau imemkinai."

Mvua za kwanza zilinyesha wiki hiyohiyo. Magese alikwenda mwenyewe Somanda na pikapu, akamsaidia kupakia kitanda, maana nimeshawaambia si mtu mbaya. Dorkasi akapanda basi la Meatu. Yuko kwa mdogo wake Lingeka sasa, analima pamba shamba la watu. Huko harusi hazina kadi. Kila mwenye miguu anaingia, hakuna simu wala alama, na kwa sababu hiyo marehemu hawaji. Nyumba ya Somanda Magese ameifanya stoo. Viti vya harusi ndivyo vinavyolala humo, vimepangwa kimoja juu ya kingine mpaka darini, na hata hivi mlivyokalia vilitoka humo asubuhi.

Basi hiyo ndiyo hadithi, na fundisho lake ni kwamba mfumo hauna adabu. Wapo wanaomlaumu kijana wa mlangoni. Wanamwonea. Angesema nini? Alikuwa mlangoni anaskani waliochelewa, hakusikia neno hata moja. Angesikia, angesema. Yule namjua, si mtu wa kulala na neno tumboni.

"Alikuwa mlangoni?"

Mwenye mkoba alikuwa amerudi. Sijui alikuwa amesimama nyuma yangu tangu saa ngapi. Mikono yake ilikuwa imeshakauka. Aliuchukua mkoba, akakaa, akaniangalia kama wauguzi wanavyomwangalia mtu anayesema dawa ameshameza.

"Shikamoo, sista Sia," nikasema.

"Joakim," alisema, "mlango uliwaachia mabaunsa. Ulikuja ukakaa mkono wangu wa kulia, ukaweka simu mezani, hiyohiyo. Dorkasi alipogeuza uso, ukainyakua firigisi kwenye sahani ya marehemu ukaitupa mdomoni."

Bwana mmoja mwenye tai alicheka, halafu akagundua anacheka peke yake.

"Ilikuwa inapoa," nikasema.

"Halafu Ngusa akasimama akaongea. Nikakuuliza wewe amesema nini."

Mezani mtu alianza kupanga vijiti vya meno.

"Wodini kwangu," Sia aliendelea, "akina mama wakishajifungua wananiuliza kila asubuhi watarudi lini kaya, yaani nyumbani. Sista, kaya lini. Siku moja nikasimama na beseni mkononi, nikakumbuka hilo neno niliwahi kulisikia wapi, na nani alikuwa amelisema. Nikaenda kwa Magese siku hiyohiyo. Akaniambia Mchaga hawezi kuwa shahidi wa neno la Kisukuma, nilete mtu wa Bariadi." Akausogeza mkoba pembeni. "Kwa hiyo niambie, Joakim, na hawa wenzio wasikie. Tangu lini Wasukuma wanaita pilau kaya?"

Wote walikuwa wananiangalia. Niliwahi kuwaambia kwamba kijana yule ana maneno mazuri.

"Namba ya Dorkasi unayo," alisema Sia. "Nyie si hamfuti namba? Mpigie."

Nikatoa simu. Jina lilikuwepo, halijabadilishwa, Bwana na Bibi Ngusa Mashimba. Kidole kilikuwa juu yake kabisa. Ndipo matarumbeta yakalia mlangoni, maharusi wakaingia, na ukumbi mzima ukainuka kushangilia. Nami nikainuka. Mtu anayepiga makofi hana mkono wa kushikia simu.